Yunioni na mfanyakazi mwenye ulemavu: tuanzie kwa mashine

Kila mara mkutano wa yunioni, yaani chama chetu cha wafanyakazi, ukifika kwenye kipengele cha "mambo ya walemavu" huwa najua kitakachofuata. Kipengele chenyewe kiko mwisho wa ajenda, watu wameshachoka wanaangalia saa, mwenyekiti anasema jamani tusiwasahau wenzetu, mtu anapendekeza tuchange tununue sukari na sabuni na kiti cha magurudumu kimoja tupeleke mahali, makofi, picha inapigwa, tunafunga na sala. Kumpa mtu sukari ni jambo jema na sina neno nalo. Lakini mimi ada ya yunioni inakatwa kwa mshahara wangu kila mwezi kama ya kila memba, na mguu wangu wa kushoto ndo huu uliopigwa na polio nikiwa mtoto, sasa pale mkutanoni nabaki najiuliza hao wenzetu tusiowasahau ni akina nani hasa, manake sisi tumekaa hapo hapo kwenye benchi tunawasikiliza.

Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wetu wa Uganda, Kiswahili cha mpakani ndo kilinilea. Kazi nafanya Jinja, kiwandani, na wenzangu wa idara yetu walinichagua niwe mwakilishi wao kwenye yunioni. Kiwanda sikitaji na hakuna haja, manake ninayoyasema hapa utayakuta kwa viwanda vingi, kwa mashamba ya chai na miwa, kwa mahoteli, kwa shule. Ninachotaka kusema ni kitu kimoja: yunioni ikitaka kweli kumsaidia mfanyakazi mwenye ulemavu, ianze na yule ambaye kazi yenyewe ndo ilimpa huo ulemavu. Ikishajua kupigania kazi ya huyo, ya sisi wengine itaijua, kwa sababu ni vita ile ile. Na ikishindwa kwa huyo, sukari haitatusaidia kitu.

Hebu fikiria watu unaowajua wewe. Yule wa mashine ya kukata aliyepoteza vidole, yule wa boila aliyeungua, dereva aliyevunjika mgongo, mama wa shamba la maua ambaye dawa zilimharibu macho, jamaa wa karakana ambaye hasikii tena vizuri kwa sababu ya makelele ya miaka na miaka bila kuziba masikio. Hawa wote walikuwa memba wazima siku wanajaza fomu ya kujiunga. Sasa wako wapi? Wengi wao hawapo kazini na hawapo kwenye rejista ya yunioni, walitoka kimya kimya, mmoja anauza vocha, mwingine amerudi kijijini, alafu tunakaa kwenye semina tunaulizana eti kwa nini walemavu ni wachache kwenye vyama vyetu. Sensa ya 2014 ilionyesha kwamba katika kila Waganda 100 wenye umri wa kuanzia miaka 2, karibu 12 wana ulemavu wa aina fulani. Hebu hesabu idara yako uone kama namba inakaribia. Kama haikaribii basi kuna mahali watu wanachujwa, wengine mlangoni kabla ya kuingia na wengine wanasukumwa nje baada ya kuumia.

Nitaeleza mambo ya kuumia kwa urefu kidogo, manake hapa ndo nimeona watu wakipoteza haki yao kwa kutojua tu.

Mfanyakazi akiumia, sentensi ya kwanza anayoisikia mara nyingi ni "wewe ulikuwa mzembe". Supavaiza anaisema, mtu wa HR anairudia, mwisho hata mgonjwa mwenyewe kitandani anaanza kuiamini, anasema kweli nilikuwa nimechoka, kweli niliingiza mkono kabla mashine haijasimama. Na hapo anakaa kimya hadai. Sasa sikiliza, sheria yetu ya fidia ya wafanyakazi, ile ya mwaka 2000, inasema fidia inalipwa hata kama mfanyakazi mwenyewe alikuwa mzembe. Iko hivyo, imeandikwa. Kama ni kazi ndo ilikuumiza, uzembe wako haukufutii fidia. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilimpigia simu dada mmoja tuliyefanya naye kazi, kakatika vidole vitatu vya mkono wa kulia, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Yeye alikuwa ameshasaini karatasi ya kupokea hela ya matibabu na nauli akaambiwa imeisha hivyo, na kwa sababu alijiona mwenye makosa hakuuliza.

Na hesabu yenyewe siyo ndogo. Kwa mtu ambaye hawezi tena kufanya kazi yoyote kabisa, fidia ni mshahara wa miezi 60. Kwa mtu aliyepoteza sehemu ya mwili, kuna jedwali ndani ya sheria linalosema kiungo hiki ni asilimia ngapi, na hiyo asilimia inachukuliwa kwenye ile miezi 60. Tuseme mshahara wako ni shilingi 300,000 kwa mwezi, miezi 60 inakuwa milioni 18, sasa daktari akikuandikia tuseme asilimia 30, hapo unadai milioni 5 na laki 4. Nimeona mtu anapewa laki mbili na gunia la posho, ule unga wa mahindi, na anashukuru kwa kupiga magoti. Alafu kuna suala la muda, taarifa ya ajali inatakiwa imfikie mwajiri ndani ya mwezi mmoja, na mtu aliyelazwa hospitali na mkono umefungwa bandeji hawezi kukimbizana na barua. Nani ataiandika hiyo barua? Nani ataenda kwa leba ofisa wa wilaya kuuliza faili imefika wapi, nani ataangalia kama kampuni ina bima ya ajali za wafanyakazi kama sheria inavyotaka, nani atakaa pembeni yake siku anaitwa kusaini makubaliano? Hiyo ndo kazi ya yunioni. Haihitaji mfadhili wala mradi. Inahitaji mwakilishi mmoja anayejua kusoma hiyo sheria, na simu yenye salio.

Lakini hela ya fidia ni nusu ya mambo. Nusu nyingine ni kazi yenyewe, na kwangu mimi hiyo ndo kubwa, manake milioni tano zinaisha, watoto wanabaki.

Hapa ndo kuna shimo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya ajira ya 2006 inakataza kabisa kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, iko wazi, ulemavu umetajwa pamoja na dini na kabila na mengine. Sawa. Lakini sheria hiyo hiyo kwenye mambo ya ugonjwa inasema ukiwa mgonjwa mwezi wa kwanza unalipwa mshahara mzima, na ukimaliza mwezi wa pili bado hujapona, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba, mradi amekulipa unachodai mpaka siku hiyo. Miezi miwili tu! Sasa mtu aliyekatwa mguu, kidonda kikauke, apate mguu wa bandia, ajifunze kutembea nao, hiyo ni miezi miwili kweli? Mguu wa bandia peke yake unaweza ukausubiri zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwajiri hahitaji kusema nakufukuza kwa sababu umekuwa mlemavu, anasubiri kalenda tu ifike, anaandika barua nzuri ya heshima, na kwenye karatasi hakuna ubaguzi wowote.

Sheria kuibadilisha ni safari ndefu, tunajua wenyewe, kima cha chini cha mshahara hapa kwetu ni kile cha 1984, shilingi 6,000, na bado kinatajwa mpaka leo. Lakini mkataba wa pamoja kati ya yunioni na mwajiri, ile tunaita CBA, unaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya sheria, na huo tunaujadili wenyewe mezani. Waliotutangulia walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, sasa tuiandike hiyo kwa lugha ya mkataba. Kwamba mtu aliyeumia kazini nafasi yake inashikwa kwa muda unaoeleweka na miezi miwili isiwe mwisho. Kwamba kabla ya barua yoyote ya kumwachisha, menejimenti ikae na yeye na mwakilishi wake waangalie kazi gani nyingine iko ndani ya kampuni anayoiweza, manake aliyepoteza vidole hawezi kurudi kwenye mashine ya kukata lakini anaweza stoo, anaweza geti, anaweza kuwafundisha wanaoingia wapya, tena huyo atawafundisha usalama kuliko bango lolote ukutani. Kwamba akirudi, mshahara wake usishuke kimya kimya. Kwamba kiti, meza, zamu, choo, vitengenezwe vimfae. Vitu vya kawaida tu.

Na utaona kwamba hivyo hivyo ndo vinanisaidia mimi ambaye sikuumia kazini. Mimi niliomba kiti chenye mgongo na ruhusa ya kukaa kwenye kazi ambayo wengine wanaifanya wamesimama. Hiyo peke yake. Niliipata baada ya kuzungushwa sana, na niliipata kama huruma ya supavaiza mmoja mzuri, alipohamishwa kiti nacho kikaondoka kikawa cha mtu mwingine, ikabidi nianze upya kueleza mguu wangu kwa mtu mgeni mbele ya watu. Ingekuwa kwenye mkataba ningefungua ukurasa nimwonyeshe, basi.

Kuna silaha nyingine ambazo zipo na yunioni hazitumii. Sheria ya kodi ya mapato inampa mwajiri punguzo la asilimia 2 ya kodi akithibitisha kwa URA, mamlaka ya kodi, kwamba asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa muda wote ni watu wenye ulemavu. Zamani, kwenye sheria ya walemavu ya 2006, ilikuwa asilimia 15 kwa aliyeajiri walemavu kumi au zaidi, wakaishusha, na mimi naona walikosea sana. Lakini hata hiyo 2 nimewauliza watu wa HR, wanashtuka, hawajawahi kuisikia. Sasa ukienda kujadiliana na kampuni ukiwa na hiyo karatasi mkononi unaongea lugha wanayoielewa. Na kwa memba wenyewe kuna NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, marekebisho ya 2022 yanasema mtu mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na amechangia miaka 10 anaweza kuchukua mpaka asilimia 50 ya akiba yake kabla ya kustaafu, wakati wengine wanasubiri umri wa miaka 45 na wanapata asilimia 20. Na yule ambaye hawezi kabisa kufanya kazi tena, ana mafao yake ya kuumia au kuugua, hasubiri uzee. Wangapi wanajua? Bango moja kwenye ubao wa yunioni, kwa Kiswahili na Luganda na Lusoga, lingetosha.

Sasa nije nyumbani, kwenye yunioni yenyewe, manake ni rahisi kumnyooshea mwajiri kidole.

Mikutano yetu mingi iko ghorofani. Ofisi za vyama unazikuta juu huko, ngazi nyembamba, kodi ni rahisi, naelewa. Lakini mtu wa magongo afike vipi kupiga kura? Kuna wenzetu viziwi kwenye idara ya kufungasha, wanafanya kazi kuliko wengi wetu, ada yao inakatwa, na kwenye mkutano mkuu wanakaa nyuma wanaangalia midomo inavyotembea, wakati wa kura wanainua mkono wakiona wengine wameinua. Hiyo siyo kura. Katiba yetu ya 1995 imetaja lugha ya alama, nchi nyingi wakati huo hata hazijaifikiria, alafu sisi watetezi wa haki tunashindwa kulipa mkalimani wa nusu siku! Nina rafiki mwalimu asiyeona, anafundisha vizuri sana, hela ya kumlipa kijana wa kumsomea karatasi za wanafunzi inatoka mfukoni mwake kila muhula, yaani mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwenzake wa cheo kile kile, na hakuna mtu amewahi kuliweka hilo kwenye orodha ya madai ya mshahara. Kwangu mimi hilo ni dai la mshahara kabisa, lisipelekwe kwenye dawati la huruma.

Na nafasi za uongozi. Uganda ilitia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2007 na kuuridhia 2008, na ibara ya 27 inasema wazi kwamba haki za vyama vya wafanyakazi ni zetu pia sawa na wengine. Bungeni kuna wabunge 5 wa wafanyakazi na kuna wabunge 5 wa watu wenye ulemavu. Muungano wa yunioni za nchi, NOTU, upo tangu 1973, ule mwingine wa yunioni, COFTU, upo, muungano wa watu wenye ulemavu, NUDIPU, upo tangu 1987, chama cha viziwi UNAD nacho ni cha 1973, umri mmoja na NOTU. Huku chini kwetu matawini sijaona wakikaa chumba kimoja kuandika kifungu kimoja cha CBA. Watu wa NUDIPU wanajua ulemavu lakini mezani kwa mwajiri hawapo, watu wa yunioni wako mezani lakini kuhusu ulemavu wanakisia. Wakutane basi, ofisi zao kuu zote ziko Kampala, na Kampala siyo mbali kutoka Kampala.

Watu wa Busia ninakotoka walishafanya hii kitu bila kuipa jina. Waliokuwepo wanakumbuka zile baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mikono, walemavu wa miguu wanavusha mizigo mpakani, Uganda kwenda Kenya na Kenya kuja Uganda, sukari, mafuta ya kupikia, unga, baiskeli imejazwa mpaka huoni mwenyewe, na kijana wa kusukuma nyuma anayelipwa. Hawakuwa ombaomba. Walikuwa na chama, wana mwenyekiti, wanajua zamu ya nani leo, mtu wa ushuru akimsumbua mmoja wanaenda wote kuongea naye, mmoja akifa wanamzika. Mjomba wangu alisomesha watoto kwa ile baiskeli. Tangu kile kituo cha pamoja cha mpaka kifunguliwe rasmi mwaka 2018 mambo yamebadilika sana pale, na mtu wa baiskeli ya mkono alihitaji chama kikubwa nyuma yake cha kusema na sisi tuko, geti letu liko wapi. Hakuwa nacho, manake kwa akili ya yunioni mfanyakazi ni mtu mwenye barua ya ajira. Lakini ATGWU, chama cha watu wa usafiri, walishafungua mlango kwa vyama vya boda boda na madereva wa taksi, watu wasio na bosi wala payslip, wakawapokea pamoja na vyama vyao. Kama boda ameingia, mtu wa baiskeli ya mkono anazuiwa na nini? Na mwendesha boda mwenyewe, ukienda wodi ya mifupa hospitali ya Mulago utaona ni njia fupi kiasi gani kutoka pikipiki mpaka magongo.

Nisidanganye kwamba hii ni ndoto mpya. Uingereza, wafanyakazi wasioona walikuwa na chama chao tangu 1894, kikasajiliwa kama yunioni kamili, na mwaka 1920 wakatembea kwa miguu kutoka Newport, Manchester na Leeds mpaka London, vipofu, wameshikana mikono, na bango lao lilisema wanataka haki, hawataki sadaka. Mwaka ule ule sheria ikapita, na umri wa vipofu kupata pensheni ukashuka kutoka miaka 70 mpaka 50. Hawakubebwa na mtu. Walikuwa memba, wana katiba, wana mweka hazina, wana madai yaliyoandikwa.

Kwetu hapa tawini tumefika hapa: kwenye mapendekezo ya CBA mpya tumeingiza vifungu vitatu. Cha kwanza, kutafutiwa kazi nyingine kabla ya kuachishwa, menejimenti wamekubali kwa mdomo na wanasubiri wakili wao asome. Cha pili, marekebisho ya sehemu ya kazi, kiti changu kikiwemo, wamekubali ila wanataka wawekewe kiwango cha gharama kwa mwaka, tunabishana kiasi. Cha tatu ni kile cha miezi miwili iwe sita kwa aliyeumia kazini, na hapo wamekataa kata kata, wanasema sheria ni sheria, na sisi tumewajibu kwamba sheria imesema mwajiri anaweza kuvunja mkataba, haijasema lazima auvunje.

Tulibishana pia wenyewe kwa wenyewe kuhusu hela ya mkalimani. Mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akasema, mwanangu, hela hii ya ada ni ya watu wote, tukiwalipia hao wachache wengine watasemaje. Nikamwambia mzee wangu, na hao wachache ada yao ilikuwa inalipia nini miaka yote hii? Aliniangalia, akakaa, na kura zilipohesabiwa mkono wake ulikuwa juu. Hela imetengwa, mkalimani tumempata kupitia watu wa UNAD, na kwenye timu itakayorudi mezani kuhusu kile kifungu cha tatu yumo dada mmoja kiziwi kutoka kufungasha, ambaye ameshatuandikia maswali yake mapema na swali lake la kwanza kwa menejimenti ni kwa nini king'ora cha moto kiwandani kinalia tu na hakuna taa inayowaka.